Kabureta inasingiziwa sana kwenye hizi Land Cruiser za petroli

Ukiwa na Land Cruiser ya petroli ya zamani, zile FJ40, FJ45 au FJ60, ukaingia gereji yoyote ukasema gari inakunywa mafuta, haivuti na inatoa moshi mweusi, jibu linakuja kabla hata boneti haijafunguliwa: kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ukizubaa kidogo kabureta iko kwenye beseni la petroli, jeti (vile vitundu vya kupimia petroli) zimetolewa, kijana anazichokonoa na waya wa breki ya baiskeli na wewe umeshaambiwa uanze kutafuta hela. Nimekaa na hizi injini muda mrefu, yangu ni FJ45 pikapu na bado inapiga kazi, na msimamo wangu ni kwamba kabureta inabebeshwa makosa ya wenzake. Mengi ni ya hedi (kichwa cha injini) na manifodi (mabomba ya hewa na ekzosi yanayofungwa hapo), na mengine ni ya mlima tu, yaani gari ni nzima ila iko juu sana kutoka baharini.

Kwa wasiozijua, injini yenyewe ni familia ya F ya Toyota, silinda sita kwa mstari mmoja, bloku ya chuma, hedi ya chuma, pushrodi pembeni na roka juu (vijiti na vikono vya kusukuma valvu), hakuna kitu cha ajabu humo ndani. F ilikuwa na cc 3,878. Mwaka 1975 ikaja 2F, wakapanua silinda kutoka milimita 90 hadi 94, mwendo wa pistoni wakauacha ule ule wa 101.6, ikawa cc 4,230. Miaka ya themanini ikaja 3F, silinda ile ile ya 94 ila mwendo ukafupishwa hadi 95, cc 3,955, hiyo ndo ipo kwenye FJ70 na FJ75. Wengi walishazitoa wakaweka dizeli ya 1HZ na siwalaumu hata kidogo, 2F ukiiendesha kwa adabu inakupa kilomita tano kwa lita na ukibeba mzigo usiulize. Lakini kwa kuvuta chini chini, kwenye tope, gia ya pili mguu haujakanyaga hata robo, sijaona petroli nyingine ya zamani inayonipa raha ile. (Wa Datsun najua mnakuja, 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na 1973 na yenyewe ni silinda sita mstari mmoja, cc 2,393, sawa, lakini ile kamshafti iko juu kwenye hedi ya aluminiamu na kabureta zake mbili zinatumia sindano inayopanda na kushuka, ni somo lingine kabisa.)

Sasa tuanze na mlima maana hapo ndo watu wanapoliwa hela bila sababu.

Kabureta haina akili ya kujua iko wapi. Inapima hewa inayopita kwenye koo lake na kunyonya petroli kwa mvuto wa hiyo hewa, basi. Dar uko usawa wa bahari, Arusha mjini uko kama mita 1,400, na ukitoka Mto wa Mbu ukapanda Karatu ukaendelea mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro umefika kama mita 2,300. Hewa ya Arusha ina uzito wa kama asilimia 87 ya ile ya Dar, ya ukingo wa kreta ni kama 80. Injini inameza ujazo ule ule kila mzunguko lakini ndani yake kuna hewa pungufu, na petroli inayonyonywa haipungui kwa kiwango hicho hicho, inapungua kwa kipeuo cha pili tu, ile ya shuleni. Ukipiga hesabu unakuta gari iliyosetiwa vizuri Dar ikifika Arusha inachoma mafuta ya ziada kama asilimia 7, na kule kwenye kreta kama 12. Ndo ule moshi, ndo zile plagi nyeusi, ndo ile gari inayokohoa ukikanyaga. Hakuna kilichoharibika.

Na dawa yake ni kupunguza jeti, sio kuongeza. Namba ya jeti kwenye kabureta nyingi ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 120 maana yake milimita 1.20. Mafuta yanapita kwa eneo la tundu, kwa hiyo kipenyo unakipunguza nusu ya ile asilimia: ya Dar ikiwa 120, Arusha unahitaji kama 116. Namba nne tu! Sasa angalia kinachotokea gereji, mteja analalamika gari haina nguvu, fundi anasema "inakosa mafuta hii," anachukua biti anatoboa jeti kidogo "ipumue," gari inatoka pale na mafuta mengi zaidi ya mwanzo, nguvu zimepungua tena, wiki ijayo inarudi kutobolewa tena. Ile nguvu iliyopotea kwa sababu ya kupanda juu huirudishi kwa jeti hata ufanyeje maana hewa yenyewe haipo, unachorudisha ni uwiano tu, plagi zikawa safi na mafuta yakapungua. Toyota wenyewe walilijua hili, gari walizopeleka Marekani waliziwekea mfumo wa kuongeza hewa ukiwa juu, wanauita HAC, ila nyingi za kwetu zilikuja bila hiyo kitu.

Kama gari yako inashinda kati ya Tanga na Arusha mimi nasema acha jeti ya baharini, kubali moshi kidogo ukiwa juu. Jeti ya mlimani ukishuka nayo pwani injini inakosa mafuta, ukiwa na mzigo kwenye joto lile valvu zinachemka, na valvu ya ekzosi ikiungua utalipa zaidi ya petroli yote uliyookoa. Anayebadilisha ni yule ambaye gari haitoki Arusha, Mbulu, Karatu, huko huko.

Halafu ujue unalalamikia jeti ipi. Kabureta ya Aisin ya 2F ina makoo mawili. Ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, na ukigusa eksela kidogo, inayofanya kazi ni jeti ndogo ya sailensi, ile nyembamba kuliko zote. Ukitembea barabarani kawaida ni jeti kuu ya koo la kwanza. Ukikanyaga, pawa valvu inafunguka kuongeza, na koo la pili nalo linaingia. Kwa hiyo mtu anayesema gari inazima kwenye taa halafu anabadilishiwa jeti kuu, huyo ameibiwa kwa heshima. Gari inayozima sailensi na inaishi ukivuta choki, kwanza washa swichi bila kupiga stata, weka sikio karibu na kabureta usikie "tik." Pale kuna solenoidi (valvu ndogo ya umeme) ya kukata mafuta, ikikufa au waya wake ukichomoka, jeti ya sailensi haipati kitu. Kuna watu wamenunua kabureta nzima kwa sababu ya waya mmoja uliochomoka.

Kingine, hii kabureta ina kidirisha cha kioo mbele. Mafuta yanatakiwa yawe katikati ya kile kioo injini ikiwa inaunguruma na gari iko sehemu ya usawa. Yakiwa juu ya hapo boya limetoboka au pini yake imechoka au ina uchafu, na hakuna jeti duniani itakayokusaidia kama bakuli limejaa kupita kiasi. Ni kuangalia tu, hata bisibisi huhitaji, na bado karibu kila kabureta ninayoiona gereji kioo kimeganda uchafu hakuna aliyekifuta.

Na ule waya wa baiskeli uacheni jamani. Jeti ni shaba laini, waya wa chuma unaikwaruza na kuipanua na namba iliyoandikwa juu inabaki ya uongo. Upepo wa kompresa, dawa ya kusafishia kabureta, ikigoma sana tumia uzi wa mshipi wa kuvulia, inatosha.

Turudi kwenye kusingiziwa. Kuna siku nilikuwa Unga Limited pale Arusha nasubiri kitu changu, akaingia mzee mmoja na FJ45 yenye 2F, gari safi tu, imetoka upande wa Monduli. Fundi kaisikiliza kidogo, akamwambia "mzee wangu hii kabureta imekufa, tutafute nyingine." Mzee akauliza bei, akanyamaza. Mimi kwa kiherehere changu nikamwomba fundi, kaka kabla hamjanunua tutoe plagi zote sita tuzipange. Tukatandika kitambaa juu ya fenda, namba moja upande wa rejeta mpaka sita upande wa kabini, kwa mpangilio ule ule zilivyotoka.

Namba mbili, tatu, nne na tano zilikuwa rangi ya kahawia iliyokolea, masizi kidogo pembeni, plagi za Arusha za kawaida kabisa. Namba moja na sita zilikuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa, na ile ya sita ncha yake imeanza kuliwa. Sasa kabureta ni moja, inalisha silinda zote sita kutokea katikati, ingekuwa imekufa ingewezaje kuzipa nne za katikati mafuta ya kutosha na kuzinyima mbili za mwisho tu? Fundi mwenyewe, na nampa sifa zake, alizitazama kwa muda halafu akasema "manifodi." Akapulizia dawa ya kabureta kidogo kidogo pale manifodi inapokutana na hedi upande wa silinda ya sita, mngurumo ukabadilika hapo hapo. Hewa ilikuwa inaingia pembeni. (Hiyo kazi fanya injini ikiwa haijapata moto sana, ekzosi iko hapo hapo na ile dawa inawaka.)

Hili ni gonjwa la kuzaliwa nalo la hizi injini. Manifodi ya kuingiza na ya ekzosi zote ziko upande mmoja wa hedi, zimebanwa kwa gasketi moja ndefu, na katikati chini ya kabureta zimeungwa pamoja ili moto wa ekzosi upashe mafuta. Ekzosi ikipata moto inarefuka, ile ya kuingiza hairefuki sawa nayo, miaka ikienda zinapinda na pembeni kunaachia. Watu wanabadilisha gasketi kila mara wanasema gasketi za siku hizi feki, wakati ukiweka rula ya chuma pale unaona mwanga unapita chini yake. Dawa ni kuzitoa zote mbili, kuziunga pamoja bila kukaza kabisa, kuzipeleka kwa fundi wa mashine azichonge uso zikiwa pamoja kama kitu kimoja, halafu ukifunga kwenye hedi unakaza kwanza zile za hedi, zile za katikati zinazounganisha mbili unamalizia mwisho. Ukizichonga moja moja unarudi pale pale.

Zile plagi sita ukijifunza kuzisoma zinakuambia karibu kila kitu. Nyeusi zote sita, hapo ndo uongelee kabureta, choki iliyoganda, kioo, eya klina iliyoziba au mlima. Mbili zinazofuatana zina shida na kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) ya hizo mbili iko chini sawa sawa, gasketi ya hedi imeungua katikati yao. Moja ina oili, angalia gaidi ya valvu (kibomba inamopita) na sili yake kabla hujaanza kulaumu ringi za pistoni.

Na kwenye kompresheni kuna uonevu mwingine. Kitabu cha 2F kinataka kama psi 150 na silinda zisipishane zaidi ya kama 14. Mtu anapima Arusha anapata 125 zote sita, anaambiwa injini imechoka tufungue. Bwana, hewa ya kusindikwa yenyewe ni pungufu! Injini inayotoa 150 Dar ikija Arusha itatoa kama 127 na haina tatizo lolote. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda, hiyo haijali mlima. Pima injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, eksela imekanyagwa mpaka chini, maana eksela ikiwa imefungwa utapata namba za kukuliza. Ikiwepo silinda moja iliyoanguka, mwagia oili kijiko ndani upime tena, ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi.

Valvu sasa. Hapa historia ya petroli inaingia. Hedi za zamani nyingi zilitengenezwa wakati petroli ina madini ya risasi, na ile risasi pamoja na sumu yake yote ilikuwa inaacha utando unaolinda valvu ya ekzosi isigongane uchi na sit yake, pale inapokaa ikifunga. Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara ikaachana nayo kuanzia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani 2021, ni jambo jema kwa mapafu na vichwa vya watoto wetu, sina ubishi. Lakini hedi ambayo sit zimechongwa kwenye chuma chenyewe cha hedi, bila ringi ngumu, ukiibebesha mzigo mlimani na moto mwingi, valvu inashika sit na kuibandua punje punje, sit inazama, valvu inapanda juu, na nafasi ya tapeti, ule upenyo mdogo kati ya roka na valvu, inaisha yenyewe bila mtu kuigusa.

Kwa hiyo tapeti ndo daftari la afya ya hedi. Kwa 2F injini ikiwa ya moto valvu ya kuingiza inatakiwa milimita 0.20 na ya ekzosi 0.35. Ukipima leo ukaandika pembeni, ukipima tena baada ya muda ukakuta ekzosi mbili tatu zimebana wakati nyingine ziko vile vile, hizo sit zinazama. Na ndo maana namkwepa fundi anayeseti tapeti kwa sikio mpaka injini inanyamaza kimya kama ya Toyota mpya, mteja anafurahi, anatoa na ya soda, baada ya muda ekzosi haifungi vizuri inaungua, gari inamisi, halafu nadhani mnajua itakayolaumiwa ni nani. Hizi injini zinatakiwa zipige tik tik kidogo. Tapeti inayolia haijawahi kuunguza valvu.

Zikishazama dawa ni mashine shopu, wachimbe pale wapige ringi ngumu za sit, angalau za ekzosi, wabadilishe gaidi kama valvu inacheza, na kabla ya yote hayo wapime nyufa. Hedi ya chuma inapenda kupasuka kati ya sit mbili hasa ikishawahi kuchemsha, na kuna watu wamelipia sit, gaidi na kuchonga uso ndo ufa ukaonekana mwisho. Ukinunua hedi ya mtumba, iwe Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road kule Nairobi, hilo ndo la kwanza, mlipe fundi apime ufa kabla hujalipa hedi, muuzaji akikataa basi ameshakujibu. La pili, iangalie imechongwa mara ngapi. Kila ikichongwa pushrodi zinakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, kompresheni inapanda, na kwa petroli zetu injini inaanza kugonga kwenye mlima. Na shafti ya roka itoe uipitishe kucha kwa chini, ukisikia ngazi ngazi hapo oili ilikuwa haifiki vizuri.

Kabureta nayo sio malaika, inazeeka, lakini inazeeka sehemu ambayo hakuna anayeiangalia. Ile shafti ya kufungulia hewa chini inakula matundu yake pembeni, ukiishika kwa vidole inacheza juu chini, na hapo hewa inaingia isiyopimwa, sailensi haitulii hata ubadilishe jeti zote. Seti ya repea ya dukani haina dawa ya hilo, inakuletea gasketi na pini tu. Na ukifungua uangalie kama ile insulata nene nyeusi ya chini ya kabureta ipo, maana mafundi wengi wanaitupa wanaweka gasketi ya karatasi, halafu ukizima gari mchana petroli inachemka kwenye bakuli kwa moto wa ekzosi na kuwaka tena ni kazi. Toyota kwenye FJ60 waliweka hadi feni ndogo ya kupoza kabureta, hawakuwa wanacheza.

Kabureta za kopi zipo kibao sasa hivi, kwa macho zinafanana kabisa na Aisin, na nyingine zinatembea vizuri tu sitadanganya, ila jeti zake utakuta hazina namba au namba haifanani na tundu, kwa hiyo kuja kuzirekebisha kwa ajili ya mlima ni kubahatisha. Na kufunga kabureta ndogo ya gari nyingine ili kubana mafuta kwenye cc 4,230, hiyo utaishia kukanyaga eksela mpaka chini kutwa nzima na hakuna utakachookoa. Ya Aisin iliyokuja na gari, hata ikiwa imeoza uchafu, usiiache gereji kama chuma chakavu baada ya kufungiwa mpya, ondoka nayo. Tafuta fundi wa mashine anayejua kazi ndogo ndogo akuchongee bushi za shaba za pale shafti ilipokula, mbili tu, moja kila upande, na wakati anachimba asimame sawa na tundu la mwanzo maana ikipinda kidogo tu kile kipepeo cha kufungulia hewa hakifungi.